Atalala Wapi Huyu Mtoto?

Nyumba yetu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, ina meza moja. Tunalia chakula hapo, watoto wanafanyia hapo kazi za shule, na oda za sare zikijaa nahamishia hapo cherehani. Mwezi Juni 2025 meza hiyo ilitekwa na karatasi: fomu ya kuchagua shule ya sekondari pevu. Binti yetu, kifungua mimba, alikuwa Gredi ya 9, katika kundi la kwanza kabisa la mtaala wa umilisi kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Watoto zaidi ya milioni 1.1 nchi nzima walikuwa wanajaza fomu kama hiyo, na hakuna mzazi aliyekuwa na dada mkubwa wa kumwuliza ilivyokuwa kwake, kwa sababu hakuna aliyepita njia hiyo kabla.

Zamani ilikuwa rahisi kueleza. Mtoto anafanya mtihani, anaitwa shule, anaenda. Safari hii mtoto alitakiwa kwanza kuchagua mkondo, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ambao kila mtu anauita STEM, au sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Ndani ya mkondo anachagua masomo matatu. Ndipo aanze kutafuta shule zinazoyafundisha. Nafasi ni 12: nne kwa mchanganyiko wa kwanza wa masomo, nne kwa wa pili, nne kwa wa tatu. Kati ya hizo, tisa ni za bweni, tatu katika kaunti ya nyumbani na sita nje yake, na tatu zinazobaki ni za kutwa. Kila shule imetiwa kwenye daraja, C1 mpaka C4. Na si kila shule ina mikondo yote. Nyingi zina miwili tu, na ule unaokosekana karibu kila mara ni wa sanaa.

Hapo ndipo vita vilipoanza, kwa sababu binti yangu alitaka sanaa.

Aprili ya mwaka huo alikuwa amenikalia na simu yangu akifuatilia kisa cha wasichana wa shule ya Butere, Kakamega, na mchezo wao, Echoes of War, kwenye tamasha la kitaifa la drama kule Nakuru. Walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza, na nje polisi walikuwa wamewarushia watu vitoa machozi. Mtoto wangu alikiangalia kipande hicho cha video mpaka bando ikaisha. "Mama," aliniambia, "hawa ni wa rika langu. Na watu wazima wamewaogopa." Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye somo la Uigizaji na Filamu.

Baba yao ni fundi wa mitambo Viwandani. Alisoma sekondari isiyokuwa na maabara. Majaribio ya fizikia alichorewa ubaoni, akayakariri, akayatapika kwenye mtihani. Ninajua uchungu huo umelala wapi ndani yake. Aliposikia mtoto ana alama nzuri za sayansi na anataka kwenda kuigiza, aliweka kikombe chini.

"Uigizaji utamlipia nani nyumba?"

"Baba, hesabu bado nitafanya. Ni lazima kwa kila mtu sasa." Alikuwa amefuatilia vizuri. Mapema mwaka huo serikali ilikuwa imesema hisabati itakuwa ya hiari, wazazi na walimu wakapiga kelele, ikarudishwa kwa mikondo yote.

"Sikuulizia hesabu."

Katikati ya haya alikuwepo mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Kukhu, amekuja kutoka Kakamega kwa kliniki ya macho. Kukhu alisoma mpaka Form Six miaka ya sabini, jambo ambalo wasichana wachache sana wa kijijini kwao walilipata. Aliposomewa fomu alitikisa kichwa kwa furaha. Masomo matatu? Hiyo ni Form Five imerudi! Sisi tulikuwa na masomo matatu na General Paper, akasema, na mtu alijulikana kwa masomo yake. Nchi ilifuta hayo yote. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985 na mtihani wa mwisho wa Form Six ukafanywa 1989. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama mmoja wa kutoka Moshi, alishangaa kwamba tunalia kwa jambo ambalo kwao Tanzania kila mtoto wa kidato cha nne analijua: unachagua mchanganyiko wa masomo kama HGL au PCB, unangoja kupangiwa, unabeba godoro lako.

Lakini Kukhu alikuwa na sharti. Hataki kusikia shule mseto ya bweni. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "St. Kizito," na watu wazima mezani tukanyamaza. Julai 1991, kule Meru, wasichana 19 walikufa usiku mmoja baada ya wavulana wa shule yao wenyewe kuvamia bweni walimokuwa wamejificha. Binti yangu hakuwahi kusikia habari hiyo. Alielezwa usiku huo, na naamini ilikuwa haki yake kuelezwa.

Mjomba wake naye, kaka yangu, dereva wa malori ya masafa, alikuwa na hoja moja tu: mtoto aende mbali. Mtoto wa Eastlands asipotolewa huku atazoea matatu na kelele za Outer Ring. Shule anazijua zote kwa malango yake, maana anayapita. "Ile ina lango la maana," atakwambia, kama kwamba mtoto atalala langoni.

Mimi swali langu lilikuwa hilo hilo la kulala.

Septemba 2, 2017 niliwasha redio asubuhi nikiwa na sare ya mtu chini ya sindano, nikasikia bweni la Moi Girls Nairobi limeungua usiku. Wasichana 10 walikufa. Hiyo si shule ya porini. Iko ndani ya jiji hili, mabasi yake tunapishana nayo. Binti yangu alikuwa bado mdogo, amelala chumba cha pili. Nilifikiria mama aliyemfungia mwanawe sanduku, akamshonea jina kwenye blanketi, akarudi nyumbani akidhani amemweka mahali salama. Kabla ya hapo kulikuwa na Bombolulu kule Kwale, Machi 1998, ambako wasichana walikufa bweni likiwa na vyuma madirishani. Na Septemba 2024 ikaja Endarasha, Nyeri, wavulana wadogo 21. Kila mara viongozi walifika, wakalia, wakaahidi. Nami nilichukizwa, na bado nachukizwa, kwa sababu jibu la maswali yote waliyouliza mbele ya kamera lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008. Umeandikwa kwa lugha nyepesi kabisa. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano angalau, ufunguke kwenda nje, na usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Bweni liwe na mlango kila mwisho, na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na grili. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Mimi ni mshonaji. Tepu iko shingoni mwangu kutwa. Vipimo ni kitu ninachokielewa, na mwongozo huo niliuchapisha saiba, nikaupigia mstari, nikauweka kwenye mkoba.

Wiki zile za Juni nilienda kuangalia shule kadiri nauli ilivyoruhusu. Utapokewa vizuri kila mahali. Utaoneshwa basi jipya, maabara, ubao wa majina ya waliopata A. Kwenye shule moja naibu wa mwalimu mkuu, mwanamke mpole, alinizungusha hadi jikoni kuona majiko yanayookoa kuni. Nilipoomba bweni alisema wazazi hawaruhusiwi. Kanuni hiyo naiheshimu; hata mwongozo unakataza wageni kuingia bwenini, na ni kwa usalama wa watoto. Kwa hiyo niliomba jambo dogo zaidi: wasichana wakiwa madarasani, niandamane na matroni, nisimame mlangoni. Akasita, akaniruhusu. Matroni alifungua. Niliona madirisha wazi bila vyuma, njia pana katikati, kila ndoo chini ya kitanda chake. Nilimwuliza matroni analala wapi. Akanionesha chumba chake, hapo hapo mwisho wa bweni. Nikamwuliza usiku funguo hukaa na nani. "Hazikai na mtu, mama. Mlango huu una komeo la ndani tu." Niliandika jina la shule hiyo juu kabisa ya orodha yangu, na bahati ilikuwa na mikondo yote mitatu. Binti yangu alipolisikia jina alifurahi, akaliandika nafasi ya kwanza kwa penseli, na Butere akaiweka ya pili kwa ajili ya Kukhu na kwa ajili ya wale wasichana.

Penseli. Kwa maana usiku wa mwisho kabla ya kurudisha fomu, sote tukiwa tumelala, baba yao aliketi mezani na nakala ya pili ya fomu na kalamu ya wino. Alitaka kumwokoa mtoto. Sina neno lingine la kueleza alichofanya. Alijaza STEM juu, akaweka shule kubwa kubwa anazosikia kwenye habari, na nafasi za mwisho alizokosa cha kuandika alimpigia mjomba simu usiku wa manane, na mjomba akamtajia majina kutoka kwenye usukani. Asubuhi akapitia shuleni akielekea kazini, akaikabidhi kwa mwalimu wa darasa mwenyewe. Fomu ya penseli ilibaki chini ya kitambaa cha meza. Tuliikuta jioni. Mwalimu alikuwa ameshaingiza majina kwenye mtandao.

Nyumba ilipoa. Binti hakupiga kelele. Aliacha tu kumwambia baba yake habari za shule, na kwa mtu aliyezoea kupokelewa mlangoni na hadithi za siku nzima, hiyo ilikuwa adhabu kubwa. Mtihani ukaja, ukaisha. Novemba baba akajaribu kufanya suluhu kwa njia anayoijua, akaenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali akamtengenezea sanduku la bati. Si la kawaida. Kubwa, bawaba nzito, limepakwa buluu, jina la mtoto kwa rangi nyeupe upande wa mbele. Kondakta alilitoza nauli ya mtu mzima. Likakaa kwenye korido yetu nyembamba, na kila aliyeamka usiku kwenda choo aligonga nalo goti. Mdogo wake aliligeuza ngoma. Binti alilipita kila siku bila kuligusa.

Desemba 11 matokeo yakatangazwa. Alifanya vizuri, alama za EE na ME zimejaa ukurasa, na Kukhu akatuombea dua kwa simu. Siku chache baadaye ndipo majina ya shule yakatoka. Kati ya 12, mtoto wetu alipangiwa ile ambayo mjomba aliitaja mwisho. Ile yenye lango la maana. Mkondo: STEM.

Binti alikwenda chumbani akafunga mlango. Baba yake alisimama nje ya mlango huo muda mrefu akiwa na viatu vya kazi miguuni.

Sikutaka kulia wala kugombana kabla ya kuona. Kaka yangu, ambaye naye alikuwa ameanza kuhisi uzito wa simu ile ya usiku, alinipa lifti kwenye lori lake kabla ya Krismasi. Shule ilikuwa imefungwa. Mlinzi na mzee mmoja wa kutunza majengo walitukaribisha, na kwa kuwa hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja, yule mzee akatufungulia bweni. Lango kweli lilikuwa zuri. Bweni lilikuwa na mlango mmoja tu uliotumika, unaofunguka kwenda ndani, grili kila dirisha, na vitanda vya deka vimesongana hadi kaka yangu akapita kwa ubavu. Nilitoa tepu. Kati ya kitanda na kitanda nilipata sentimita 40, pengine 45. Mlango wa pili ulikuwepo, lakini nyuma yake walikuwa wamerundika madawati mabovu. Mzee yule aliniangalia nikiandika, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameliripoti jambo hilo mara nyingi. Simlaumu. Kaka yangu hakusema neno mpaka tulipokuwa tena kwenye lami.

Usiku huo niliweka karatasi yenye vipimo mezani mbele ya mume wangu. Sikuongeza maneno. Yeye ni mtu wa mitambo. Nambari zinamfikia haraka kuliko hotuba. Alisoma mara moja, akarudia, akachukua tepu akaenda kwenye korido, akaifungua mpaka 40 kati ya ukuta na lile sanduku la buluu, akajaribu kupita.

"Kiwandani," alisema aliporudi, "mashine haiwekwi kama hivi. Mashine tunaiachia nafasi ya mtu kukimbia."

Kisha akagonga mlango wa chumba cha binti yake, akaingia, na waliyozungumza humo ni yao. Nilichosikia ni sentensi moja akitoka: "Masomo yatakuwa yako. Bweni litakuwa letu."

Dirisha la kuomba kubadilishiwa shule lilikuwa limefunguliwa. Saiba yetu ya hapa Tena ilikuwa na foleni hadi kwenye ngazi, wazazi na watoto, wengine wamevaa nguo za kusafiri maana basi la kwenda ocha linangoja. Mtandao ulikuwa unakwama, unarudi, unakwama. Nilisimama pale na kuwaza hawa wote, kila mmoja na meza yake nyumbani na vita vyake, na ni wangapi walioulizwa mtoto atalala wapi. Nilimwuliza mama aliyekuwa mbele yangu. Akanitazama. "Sijafika huko bado," akasema, "nimepangiwa mbali na karo bado sijui." Hilo nalo si dogo. Bweni la C1 ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na bweni la madaraja mengine katika shule nyingi ni 40,535, kabla hujanunua soksi moja. Nikamwandikia vipimo vile nyuma ya risiti, akaikunja akaitia kwenye sidiria, mahali ambapo vitu muhimu hukaa.

Zamu yetu ilipofika, baba yake ndiye aliyekaa karibu na kijana wa kompyuta. Kijana akauliza mkondo. Baba akasema, "Sanaa na Sayansi ya Michezo." Akauliza masomo. Binti akataja mawili, akasita kwenye la tatu, na baba yake akamalizia: "Uigizaji na Filamu. Andika." Tukaomba shule ya yule matroni wa komeo la ndani. Tukasubiri Krismasi yote na mwaka mpya, tukiangalia simu kila saa, na nafasi ikapatikana.

Januari 12 tuliondoka na giza: mimi, baba, binti, godoro, ndoo, na sanduku la buluu. Kwenye matatu lilichukua kiti kizima. Tulipanga foleni ya kulipa, foleni ya vitabu, foleni ya sare, ambayo mimi nilikuwa nimekwisha kuishona na nikaambiwa sketi ni ndefu inavyotakiwa. Mwisho tukafika kwa matroni, mwanamke yuleyule. Alilitazama sanduku, akaliinua upande mmoja, akajaribu kulisukuma chini ya kitanda. Halikuingia. Lilibaki limejitokeza kwenye njia kama goti.

"Hili halikai hapa," akasema.

Mume wangu alianza kueleza: limetengenezwa Kamukunji, bati lake ni geji nzito, jina la mtoto limeandikwa, watoto wengine watalikwepa tu. Matroni alimsikiliza mpaka akamaliza, kwa heshima. "Baba," akamwambia, "usiku taa ikizimika na watoto wakaanza kukimbia, hakuna atakayelikwepa. Njia hii haiwekwi kitu. Hata ndoo."

Niliangalia uso wa mume wangu. Akaliinamia, akalishika mishikio yote miwili, akalitoa nje mwenyewe.

Langoni kuna mwanamke anayeuza masanduku madogo siku za kuripoti. Tulichagua moja la kijani, la bei ya nusu, bawaba nyepesi, tukahamishia nguo humo juu ya nyasi, binti yangu akicheka kwa mara ya kwanza tangu Desemba huku baba yake akimkunjia sweta vibaya. La buluu tulirudi nalo Tena. Sasa naweka humo vitambaa vya sare. Mapumziko ya katikati ya muhula yakifika nitaenda na tepu, na matroni ameshaniambia nisitoe salamu kwanza, nipime kwanza.